Korosho za Mashine ya Geti

Kabla sijasahau: brashi ya kufutia vumbi iko droo ya chini, kushoto, imeviringishwa kwenye kipande cha khanga. Siku ya kuniaga mlinivika kitenge, mkanikatia keki, meneja akasoma vyeo vyangu vyote mpaka nikaanza kusinzia, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza brashi iko wapi. Mnadhani vumbi la Kurasini nalo limestaafu?

Mmeniomba niandike niliyoyaona katika chumba cha seva. Vyeo naviruka, meneja kashavisoma. Mshahara nauruka pia, maana mnaujua, na sie sote watu wazima, tusilizane bure. Nitaandika nilivyoanza, nitaandika habari za Mzee Kondo, kisha nitaandika ile Ijumaa ambayo nyie mnaijua nusu. Nusu nyingine sijawahi kumwambia mtu hapo kazini, na ndiyo inayohusu korosho mlizokuwa mkitafuna kila mwisho wa mwaka bila kuuliza zimetoka wapi.

Niliingia pale yadi ya makontena nikiwa mchapaji. Binti wa Tandika, sketi ya pliti, viatu vya kisigino nilivyoazima kwa dada yangu. Siku ya kwanza nikaambiwa nipeleke karatasi chumba cha kompyuta. Mlangoni alikuwa amekaa mzee mmoja mwembamba, kofia ya kiua kichwani, bisibisi mfukoni kama kalamu. Hata shikamoo yangu hakuiitikia kwanza. Akanyoosha kidole chini.

"Viatu."

Nikadhani nimekosea mlango, nimeingia msikitini. Nikavua. Ndipo akasema, "Marahaba mwanangu. Nje kuna malori mia yanatifua vumbi. Humu ndani kuna mashine moja, na mtu wa kuitetea ni mie peke yangu."

Huyo ndiye Mzee Kondo, mwenyeji wa Mtoni, ambaye babu yake na babu wa babu yake ni wa hapohapo. Kompyuta alijifunza kwa kusoma vitabu vilivyokuja na maboksi, na Kiingereza chake chote kilikuwa cha maboksi hayo. Aliniona sichoki kuuliza maswali, akaniomba kwa meneja wa wakati huo, nikahamia kwake. Mwezi wa kwanza sikugusa kitufe. Nilipewa brashi ya rangi ya inchi mbili, nikafundishwa kufuta mashine vumbi bila kukwaruza kitu, toka juu kwenda chini, kama unamnyoa mtoto nywele.

Alikuwa na usemi wake. Kitu kikigoma, alisema, usianze kuuliza kimeharibika nini, uliza nani kakigusa mwisho. Miaka ile jibu mara nyingi lilikuwa mjusi. Tulimkuta mmoja ndani ya kifaa cha umeme, kakauka, yadi nzima imesimama saa tatu kwa ajili yake. Mzee Kondo akamwandika kwenye daftari: tarehe, saa, "mjusi". Alikuwa akiandika kila kitu. Daftari lake la jalada gumu jeusi ndilo aliloniachia alipostaafu, na mie nimewaachieni nyie. Liko juu ya kabati, msilifanye la kuegemezea mlango.

Baadaye zikaja mashine pepe. Nyie mmezikuta, mnaziona za kawaida, lakini sie zilitutoa jasho. Kompyuta moja kubwa yenye mwili, na ndani yake kompyuta nane zisizo na mwili. Nilimweleza marehemu baba, mchonga vinyago ambaye kila alichotengeneza maisha yake kilishikika mkononi. Akaniuliza, "Sasa ikiharibika unaipiga wapi?" Nikamwambia baba, ifikirie kama nyumba ya kupanga pale Manzese. Paa moja, bomba moja, mita moja ya umeme, lakini kila mpangaji ana chumba chake na kufuli lake, na mmoja akiunguza maharage wengine wanasikia harufu tu. Alielewa mara moja kuliko meneja.

Mpangaji mkorofi kuliko wote alikuwa mashine ya geti. Kwa wale mliokuja juzi: kontena haliondoki yadi bila getipasi, ile karatasi yenye mistari ya kusomwa na kifaa pale getini. Inachapwa saa ya kutolewa na saa ya kuisha, saa sita baadaye. Mlinzi akiisoma na kifaa, taa ikawaka kijani, mti wa geti unanyanyuka. Ikiwaka nyekundu, mti haunyanyuki, na ukiunyanyua kwa mkono utakwenda kuwaeleza watu wa forodha kwa nini. Programu hiyo iliandikwa zamani na kampuni ambayo haipo tena. Mzee Kondo aliilea tangu ikiwa kwenye kompyuta yenye mwili, akaihamishia kwenye mashine pepe yeye mwenyewe, na katika daftari aliiandikia mstari mmoja tu: "Ya geti inaishi ugenini. Iacheni."

Nilipousoma nilicheka. Nikadhani ni mzaha wake wa mashine isiyo na mwili.

Haya, Ijumaa. Mnajua desturi ya pale: Ijumaa saa sita na nusu geti linafungwa, madereva na vibarua wanakwenda kuswali, mpaka saa nane. Ndiyo nafasi pekee katika wiki ambayo mashine ya geti haina kazi na jua linawaka. Mzee Kondo ndiye aliyepanga kazi zote za hatari zifanyike muda huo. Yeye mwenyewe alikuwa msikitini, kwa hiyo kazi za hatari zikawa zangu, mie Skolastika mkatoliki wa Tandika. Akirudi anaswali tena kwa macho, anaangalia kama kitu kimekufa.

Ijumaa ninayoisema, yeye alikuwa ameshastaafu miaka mingi. Mfumo endeshi wa mashine ya geti ulikuwa mkuukuu, umekwisha kuachwa na waliouunda, na wakaguzi walikuwa wametupa mpaka Jumatatu uwe umepandishwa toleo. Nikajiandaa kama bibi harusi. Nilifanya majaribio, nikaandika hatua, na nikapiga picha ya mashine, maana hiyo ndiyo raha ya mashine pepe: unaipiga picha nzima ilivyo, na ukiharibu unairudisha kwenye picha kama hakuna kilichotokea.

Asubuhi ile, kabla ya yote, Mzee Chilumba alipita dirishani kwangu. Huyu alikuwa dereva wa lori wa siku nyingi, mtu wa Masasi, na sie watu wa kusini, maana wazazi wangu nao walitoka huko, hatupitani kimyakimya. Nikampa shikamoo, akaitikia huku akitabasamu mpaka masikio.

"Getipasi yangu hii hapa, mama. Nikitoka kuswali, naondoka. Kesho saa nne namuoza binti yangu Zuhura."

"Hongera mzee! Mwenyewe utafika lakini?"

"Nisifike? Mie ndiye walii! Mama, huyu mtoto kazaliwa niko njiani. Kaanza shule niko njiani. Kaumwa, kapona, kahitimu, niko njiani. Mdogo wangu kasema mbele ya watu, 'Kaka hatafika, gari limemuoa, mniandae mimi niozeshe.' Nimemwapia Zuhura nitakuwepo. Nikitoka hapa kabla ya saa kumi nafika alfajiri, nanawa uso, navaa kanzu."

Nikamwambia saa nane kamili geti litakuwa wazi, aniamini. Hayo ndiyo maneno yangu. Nayakumbuka.

Saa sita na nusu nikaanza. Kupandisha toleo kukaenda vizuri mpaka nikaogopa. Katikati mashine ikauliza swali dogo: saa za mji gani? Na chini yake ikaonyesha mji uliokuwa umewekwa tangu zamani: Buenos Aires. Nikacheka peke yangu mle ndani. Nani kaipeleka mashine ya Kurasini Ajentina? Nikaona ni uzembe wa ile kampuni iliyokufa. Nikachagua Dar es Salaam, nikaendelea. Kazi ya sekunde mbili, sikuiandika hata kwenye karatasi yangu ya hatua. Mtu anaandika kwamba kafuta vumbi?

Mashine ikawaka, ikakataa mtandao. Hilo nililijua, kadi ya mtandao ilikuwa imebadilishwa jina na toleo jipya, nikalisahihisha, mtandao ukarudi. Saa saba na dakika arobaini kila kitu kinapumua. Na hapa, wanangu, ndipo kiburi kiliponiingia. Nafasi ya diski ilikuwa inajaa, picha ile imekalia nusu yake. Nikasema kazi imekwisha, picha ya nini? Nikaifuta. Nikaenda kuchemsha chai.

Saa nane na dakika mbili redio ya mkononi ikalia. Hadija, mlinzi wa geti.

"Mama Skola, nyekundu."

"Jaribu nyingine."

"Nimejaribu sita. Zote nyekundu. Inasema muda umekwisha."

Nikamwambia dirisha la kutolea getipasi litoe mpya. Dakika moja baadaye karani akaja mbio: programu haimruhusu, imeandika "Ofisi imefungwa, rudi kesho asubuhi." Saa nane ya mchana! Jua la utosi!

Nikaingia chumba cha seva na viatu. Nikaangalia orodha ya getipasi: zote zipo, hakuna iliyopotea. Nikasakinisha upya programu ya kusomea mistari. Nyekundu. Nikazima mashine nikawasha. Nyekundu. Hadija wa watu, kila akiniambia anaongeza utani, "Mama, hii taa imeipenda rangi ya Simba wa Msimbazi," lakini nyuma ya sauti yake nilisikia honi. Malori yalikuwa yamefunga mpaka barabarani. Meneja akasimama mlangoni akiniuliza kama nina ile picha aliyonisikia nikiisifia wiki nzima. Nikamwambia natafuta njia nyingine iliyo bora zaidi. Nakala ya akiba ya jana ilikuwepo, lakini kuirudisha ni kazi ya kutwa, na getipasi zote za asubuhi zingepotea.

Nikampigia Mzee Kondo. Akapokea mkewe: mzee hajarudi kutoka msikitini, simu kaiacha kwenye chaji, Ijumaa huwaga anapitia kwa wagonjwa. Desturi nzuri, na siku ile niliilaani.

Nikaanza kuwaza maneno ya kumwambia mtu wa Masasi. Ndipo nikamkuta kashasimama dirishani, kanzu ya swala mkononi, getipasi mkono wa pili. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningeweza kujitetea.

"Mama," akasema polepole, "mie sijui mambo ya kompyuta. Nieleze tu nimechelewa wapi. Karatasi inasema mpaka saa tisa na dakika ishirini. Sasa hivi saa nane na nusu. Tazama."

Akanipa mkono nione saa yake. Ilikuwa ya zamani, ya mishale, kioo kimekwaruzwa. Mshale mfupi ulikuwa umepita nane, mrefu uko chini kwenye sita.

Nikaangalia. Nikageuka nikaangalia saa ya ukutani kwangu, ambayo ni kama za ukutani kwenu: mshale mfupi umepita mbili. Nikaangalia kioo cha mashine: 14:30. Maisha yangu yote naona mbili nasoma nane, naona kumi na nne nasoma nane, sijui hata kama nafanya hesabu. Lakini saa ya Mzee Chilumba ilikuwa imewekwa kama watu wazima wa zamani walivyoweka, inasema nane mahali pa nane. Na getipasi yake ilichapwa 9:20. Tisa mahali pa tisa.

Yesu wangu! Miaka yote ile getipasi zilikuwa zinachapwa saa za Kiswahili, na sie sote tulizisoma kila siku tukaona sawa, kwa sababu zilikuwa sawa. Mashine ilikuwa imewekwa nyuma kwa saa sita ili iseme tunavyosema. Nami nimeisahihisha. Sasa inajiona iko saa kumi na nne, getipasi ya mzee iliisha saa tisa, ofisi ilifungwa saa kumi, na kwa akili yake ilikuwa na haki kabisa.

"Mzee, nipe dakika tano."

Nikakimbia. Viatu nilivua safari hii. Nikairudisha mashine Buenos Aires, nikaiwasha upya programu, nikasubiri. Kioo kikaandika 8:37. Nikashika redio.

"Hadija, jaribu ya Mzee Chilumba."

Kisha nikasikia watu wanashangilia, halafu sauti yake, "Kijani mama! Kijani! Huyo anapita!" Nilikaa chini sakafuni nikalia kwa furaha, na meneja akaondoka kwa heshima.

Mzee Kondo akapiga saa tisa, anatafuna. Nikamsimulia. Akacheka hata akapaliwa.

"Sasa Skola, ulitaka nifanyeje? Programu ilipowekwa mara ya kwanza ilichapa saa kumi na tano. Mlinzi akamrudisha dereva. Kamwambia, saa kumi na tano haipo duniani, hii karatasi ya kughushi! Na hakukosea, wewe umeshawahi kualikwa shughuli saa kumi na tano? Nikakaa na ile orodha ya miji, nikatafuta mji ambao asubuhi yao inapatana na mdomo wetu. Nikaupata huko Ajentina."

"Mzee, si ungeandika?"

"Niliandika. Inaishi ugenini, iacheni. Wewe umeirudisha nyumbani bila kuulizwa."

Nani kakigusa mwisho? Mie. Nilikagua kila kitu isipokuwa mkono wangu mwenyewe.

Kesho yake saa tano simu ikaita, namba ya Mzee Chilumba. Vigelegele tupu, ngoma, watu. Akapaza sauti kuwaambia wageni, "Huyu hapa ndiye dada aliyenifungulia geti!" Wakanipigia vigelegele mimi. Kisha akampa Zuhura simu, naye akasema, "Asante mama, baba kaniozesha mwenyewe," sauti inakatika kwa kilio. Nami nikasema amina, amina, kwa furaha na aibu, sijui ipi ilikuwa kubwa. Maana kwenye ripoti ya Jumatatu niliandika: "Hitilafu ndogo iliyotokana na toleo jipya." Toleo jipya la watu halikuwa na kosa lolote.

Msimu wa korosho ulipofika, fuko likaletwa ofisini kwa mkono wa dereva mwenzake. Mwaka uliofuata tena. Kila mwaka, hata baada ya yeye kuliacha lori na kurudi kulima. Nyie mlikuwa mkishangilia, "Mama Skola ana mpenzi Masasi!" Nikawa nacheka, nawagawia, nakula punje mbili tatu na haziteremki vizuri.

Mwezi uliopita, nimekaa nyumbani Mbagala sina mashine ya kupiga brashi, nikaamua. Nikampigia.

"Shikamoo mzee. Nina neno."

"Marahaba. Sema mama."

"Siku ile ya Zuhura. Geti hukufungiwa na mashine. Nililifunga mimi. Nilisahihisha kitu ambacho hakikuwa na kosa, nikakaa kimya, nikala korosho zako miaka saba."

Nikasikia anacheka, kile kicheko cha kifuani.

"Mama Skola, nimeendesha lori miaka thelathini. Fundi aliyekuta kitu kimeharibika na fundi aliyeharibu mwenyewe, nawajua kwa wanavyokimbia. Ulipoiona saa yangu, ulikimbia kama aliyeacha mtoto jikoni. Nilijua nikiwa bado dirishani kwako."

"Sasa korosho zote hizo za nini?"

"Za kufungua. Ungeweza kuniambia mtandao umekata, ukaenda kula. Unajua wangapi wameniambia hivyo? Ya kufunga sijakudai. Zuhura hajambo, mtoto wake wa pili kashaanza kutembea."

Basi, hayo ndiyo ya kwangu. Ripoti ile iko kwenye faili la kijani, nendeni mkaisahihishe, jina langu liandikeni lote. Mkipandisha toleo la mashine yoyote, andikeni kila mnachogusa, hata kama ni vumbi. Picha msiifute mpaka lori la kwanza litoke getini mkiliona kwa macho. Mashine ya geti muda wake nayo unakuja, wataileta mpya, lakini kwa sasa bado iko Buenos Aires na kwenye daftari nimeeleza sababu kwa kirefu, kurasa mbili, mwandiko wa kusomeka.

Brashi, droo ya chini, kushoto. Na korosho msiniulizie, fuko la mwaka huu limekuja Mbagala na nimeshalifungua.